Kuchagua silinda ya kusaidia usukani: pima gari lako kabla ya kununua

Land Cruiser ikivaa matairi ya inchi 33 au 35, ikapakiwa mzigo na kuingizwa kwenye potopoto ya njia ya Kamituga au ya Bunyakiri, usukani wake haubaki ule uliouzoea mjini. Gurudumu likinasa kwenye mfereji uliochimbwa na malori, boksi ya usukani peke yake haina nguvu ya kulitoa. Shofa anavuta volani kwa mikono miwili, pampu inalia, na kadiri miezi inavyopita bolti za boksi zinalegea na chesisi inaanza kupata nyufa pale boksi ilipofungwa. Dawa yake inajulikana: silinda ya haidroliki inayofungwa kwenye ekseli na kusukuma tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, moja kwa moja, ikipata mafuta kutoka kwenye boksi ileile. Boksi inabaki kuongoza, lakini kazi ngumu inafanyika chini, karibu na magurudumu.

Hapa Bukavu swali la kwanza ni hili: nichukue ya ukubwa gani? Na wengi wanaamini kwamba kubwa ndiyo bora. Ni kwa ajili ya imani hiyo naandika mwongozo huu. Silinda iliyozidi uwezo wa pampu yako itaufanya usukani uwe mzito pale hasa unapouhitaji uwe mwepesi. Ukubwa sahihi unatoka kwenye vipimo vitatu vya gari lako wewe: presha ya pampu, wingi wa mafuta inayoyatoa, na umbali ambao tairodi husafiri kutoka kona hadi kona, yaani volani ikigeuzwa kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia.

Hatua ya kwanza: je, gari lako linafaa?

Mwongozo huu ni wa magari yenye ekseli nzima mbele na boksi ya usukani yenye pawa, yaani inayosaidiwa na mafuta ya pampu. Land Cruiser za 70 na 80, Land Rover Defender ya zamani, Nissan Patrol ya Y60 na Y61, na Hilux za zamani zenye ekseli nzima, zote zimo. Hilux za kuanzia 2005, ambazo kila gurudumu la mbele lina mikono yake na usukani ni wa reki (fimbo yenye meno badala ya boksi), ziache. Hazina tairodi moja ndefu ya kusukuma. Kama gari lako halina pawa kabisa, tafuta kwanza boksi na pampu ya pawa, uitumie kwa muda, kisha ndipo ufikirie silinda.

Kuna pia wanaotaka kuondoa boksi na fimbo zake zote, usukani ubaki wa mafuta peke yake kama ule wa trekta. Kwenye gari linalobeba watu barabarani, usifanye hivyo. Mpira mmoja ukipasuka, magurudumu hayana tena kinachoyaunganisha na mikono yako. Anayeshuka Ngomo kuelekea Kamanyola, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde, lazima awe na chuma kinachounganisha volani na gurudumu hata injini ikizimika. Silinda ya kusaidia inakuachia chuma hicho. Mafuta yakimwagika usukani utakuwa mzito sana, lakini gari litageuka.

Hatua ya pili: tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Usukani mzito si lazima uwe unaomba silinda. Inua magurudumu ya mbele, zima injini, kisha zungusha volani kwa mkono kutoka kona hadi kona. Ukisikia inakwama mahali fulani, au inasaga, tatizo ni la chuma: beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia) zimekufa au zimekazwa kupita kiasi, boljointi imekauka, au msalaba wa shafti ya volani umeshika kutu. Angalia mkanda wa pampu, angalia upepo wa matairi, angalia kama mafuta yana povu. Mshike mtu mmoja azungushe volani kidogo kushoto na kulia huku wewe ukiwa chini na tochi. Kila jointi inayocheza utaiona. Silinda ikifungwa kwenye tairodi yenye jointi zilizochoka, itazimaliza haraka, kwa sababu nguvu iliyokuwa ikipita kwenye draglinki, fimbo inayotoka kwenye boksi, sasa inaingia kwenye tairodi yenyewe.

Angalia pia chesisi pale boksi ilipofungwa. Nyufa zichomelewe na kuwekewa bamba kwanza.

Hatua ya tatu: pima presha na mafuta ya pampu

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo jibu lilipo.

Presha inapimwa kwa geji inayofika angalau bar 160, ikiwekwa kwa nipeli ya njia tatu kwenye mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye boksi. Mafundi wanaotengeneza mashine za kuchimba zinazofanya kazi upande wa Mwenga wanazo geji hizo. Mwombe mmoja akusaidie. Washa injini, acha mafuta yapate joto, kisha zungusha volani hadi mwisho na uishikilie. Soma namba, achia. Usizidishe sekunde 5, maana pampu inajipika yenyewe. Pampu nyingi za magari ya aina hii hufungua vali ya kuachia presha mahali fulani kati ya bar 70 na 110. Yako ikisoma 40, silinda haitakusaidia kitu, tengeneza pampu.

Wingi wa mafuta unapimwa hivi. Toa mpira wa kurudisha mafuta kwenye tanki lake dogo, uelekeze kwenye chombo chenye alama za lita, na uzibe mdomo wa tanki ulioachwa wazi. Mtu mmoja awe tayari kumimina mafuta safi kwenye tanki ili pampu isikae kavu hata kidogo. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa, usukani ukiwa umenyooka, hesabu sekunde 10, zima. Ulichokusanya kizidishe mara 6. Hizo ndizo lita kwa dakika. Pima bila kukanyaga mafuta, kwa sababu kwenye mawe na matope unatembea taratibu na injini iko chini. Namba ya juu injini inapopiga kelele haina faida kwako.

Hatua ya nne: kipenyo cha silinda

Sasa hesabu. Bar 1 ni takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba, kwa hiyo nguvu ya silinda ni presha ukizidisha na eneo la pistoni. Tuchukue pampu ya bar 80.

Silinda ya milimita 40 kwa ndani ina eneo la sentimita mraba 12.6. Ikisukuma inatoa karibu kilo 1,000. Ikivuta, fimbo inakula sehemu ya eneo hilo. Kwa fimbo ya milimita 20 unabaki na sentimita mraba 9.4, yaani kilo 750 hivi. Silinda ya milimita 50 yenye fimbo ya 25 inasukuma karibu kilo 1,570 na kuvuta karibu 1,180. Ya milimita 63 inapita kilo 2,400 ikisukuma. Mtu akiona namba hizo anakimbilia ya 63, na ndipo anapokosea, kwa sababu hajahesabu mafuta.

Silinda ya 40 yenye mwendo (umbali ambao fimbo husafiri) wa milimita 200 inajazwa na sentimita za ujazo 251. Ya 50 inataka 393. Ya 63 inataka zaidi ya 620. Tuseme pampu yako inatoa lita 6 kwa dakika, ambayo ni sentimita za ujazo 100 kwa sekunde. Ya 40 itachukua sekunde 2 na nusu kutoka kona hadi kona, ya 50 karibu sekunde 4, na ya 63 zaidi ya sekunde 6. Hapo boksi yenyewe haijapata mgao wake wa mafuta. Ukizungusha volani haraka kuliko mafuta yanavyofika, unakuwa unasukuma magurudumu na silinda iliyokauka kwa nguvu za mabega yako. Mbuzi akikatiza mbele yako pale Nyangezi, hutakuwa na sekunde 6 za kungoja.

Kwa hiyo, kwa Land Cruiser, Patrol au Defender yenye matairi ya hadi inchi 35 na pampu yake ya kiwandani, mimi nachagua ya 38 au ya 40. Ukiikuta kwa inchi, ni ile ya inchi 1 na nusu. Kwa matairi ya inchi 37 na mzigo mzito kila siku, ya 44 au 45 inafaa, lakini pampu iwe imepimwa na kutoa angalau lita 8 bila kukanyagwa. Ya 50 na kuendelea inadai pampu kubwa zaidi. Bila hiyo, iache dukani hata ukipewa kwa bei ya chini.

Jambo jingine la hesabu hizo: silinda yenye fimbo upande mmoja inavuta kwa nguvu ndogo kuliko inavyosukuma, na inavuta haraka zaidi. Kwa 40 yenye fimbo ya 20, tofauti ni robo. Barabarani utaisikia kidogo sana, kwa sababu boksi bado inaongoza. Fimbo nene kupita kiasi inaongeza tofauti hiyo, kwa hiyo usitafute fimbo ya 30 kwenye silinda ya 40 ukidhani unanunua uimara.

Hatua ya tano: mwendo wa fimbo

Magurudumu yakiwa yameinuliwa, nyoosha usukani, weka alama ya chaki kwenye tairodi na alama nyingine kwenye ekseli mkabala nayo. Geuza hadi mwisho kushoto, pima. Rudi katikati, geuza hadi mwisho kulia, pima tena. Pima kila upande peke yake, kwa sababu magari mengi yaliyokwisha kugongwa na kunyooshwa hayageuki sawa pande zote. Jumlisha, ongeza angalau milimita 10 kila mwisho, kisha chukua silinda yenye mwendo huo au unaofuata kwa ukubwa. Ukipata 180, nunua ya 200.

Zile milimita 10 ni za lazima. Kinachosimamisha magurudumu lazima kiwe bolti za kusimamisha zilizo kwenye vichwa vya ekseli. Silinda ikifika mwisho wake kabla ya bolti hizo, nguvu yote ya pampu inaishia kwenye mabano uliyochomelea ya kuishikia silinda, na yatang'oka au fimbo itapinda. Na usichukue ndefu kupita kiasi. Inayozidi kwa milimita 80 haitaleta nguvu yoyote, itakula nafasi tu, na nafasi chini ya gari ni haba.

Magurudumu yakiwa yamenyooka, fimbo iwe nusu nje na nusu ndani.

Hatua ya sita: mahali pa kuifunga

Lala chini ya gari na fimbo ya mbao yenye urefu wa silinda yako, uone inapoenea. Kwenye Land Cruiser ya 80 tairodi iko nyuma ya ekseli, na huko silinda inapata kinga ya mawe yanayokuja mbele, lakini inakutana na difu na mikono ya ekseli. Angalia gari likiwa limelala hadi chini kabisa kwenye springi zake. Kilicho na nafasi ya vidole viwili gari likisimama kinaweza kugonga karta ya mafuta (bakuli la chini ya injini) likiruka shimo.

Silinda ifungwe upande mmoja kwenye ekseli, upande mwingine kwenye tairodi. Kamwe usiifunge kwenye chesisi, kwa sababu ekseli inapanda na kushuka na kila shimo litageuza magurudumu bila ruhusa yako. Ilale sambamba na tairodi kadiri inavyowezekana. Mshazari wa digrii 15 unapoteza asilimia 3 hadi 4 ya nguvu, jambo dogo. Digrii 30 zinapoteza asilimia 13, na mbaya zaidi ni kwamba nguvu hiyo inaanza kupinda tairodi.

Tairodi yenyewe ni neli iliyotengenezwa kuvutwa na kusukumwa kwa urefu wake. Ukiisukuma katikati inapinda. Weka bano karibu na mwisho wake, karibu na gurudumu, na kama gari linafanya kazi ya mawe, badilisha tairodi kwa neli ya chuma yenye ukuta mnene. Kwa barabara za mawe ya volkano ya Nyiragongo kule Goma, hilo ni sharti.

Mabano yakatwe kwenye bamba la milimita 8 au 10, yawe na masikio mawili ili bolti ishikwe pande zote mbili, na bolti iwe ya daraja la 10.9. Kwenye ekseli chomelea kwenye neli tu. Difu ya chuma cha kuyeyusha na vichwa vinavyogeuka usiviguse na elektrodi. Fungua waya za betri na za alteneta kwanza. Chomelea kipande kidogo, ngoja kipoe, hamia upande mwingine, maana neli ya ekseli ikipata joto upande mmoja inapinda, na sili za shafti zinaanza kuvuja bila mtu kuelewa kwa nini.

Shokamzoba ya usukani iondoe. Mafuta yanayopita kwenye mipira myembamba yanafanya kazi yake.

Hatua ya saba: kuikagua silinda dukani

Mpya ikipatikana, vizuri. Lakini hapa nyingi ni za mtumba, zilizotoka kwenye matrekta na mashine nyingine. Si mbaya, silinda za shamba hutengenezwa kwa presha inayozidi ile ya pampu yako. Hakikisha kwanza ina matundu mawili ya mafuta, yaani inasukuma na kuvuta. Zile za kuinulia bodi ya lori la mchanga mara nyingi zinasukuma tu na kurudi kwa uzito wa bodi, hizo hazifai.

Pitisha ukucha kwenye fimbo kwa urefu wake wote. Ukucha ukinasa, kromu imechanika, na sili mpya itakatika kwenye mwanya huo huo. Vuta fimbo hadi mwisho na uizungushe ukiiangalia kwa pembeni, utaona kama imepinda. Kisha jaribu sili ya pistoni: jaza mafuta, ziba tundu la upande wa nyuma, acha la upande wa fimbo wazi, na ukandamize fimbo kwa nguvu. Ikiingia huku mafuta yakitoka kwenye tundu lililo wazi, sili imekufa. Usizibe matundu yote mawili ukidhani unapima vizuri zaidi. Hapo fimbo haitaingia hata kama sili haipo, kwa sababu mafuta hayana pa kwenda.

Silinda za shamba zina pini iliyonyooka kila mwisho. Tairodi hujizungusha kidogo inapogeuka, kwa hiyo ncha hizo zibadilishwe kwa jointi za duara zinazoruhusu kucheza pembeni.

Hatua ya nane: boksi na mipira

Boksi inafunguliwa yote, inatolewa kila kitu, ndipo inatobolewa matundu mawili, moja kila upande wa pistoni yake ya ndani, pale ukuta ulipo mnene. Nyuzi ziwe zilizonyooka, zinazozibwa kwa oringi au washa ya shaba. Nipeli zenye umbo la kabari zikikazwa sana zinapasua boksi. Osha, puliza, osha tena. Punje moja ya chuma ikibaki ndani inakwama kwenye vali, na volani inaweza kujivuta yenyewe upande mmoja. Kazi hii mpe fundi aliyewahi kufungua boksi za pawa. Uhodari wa kuchomelea hautoshi hapa.

Mipira iwe ya haidroliki yenye waya ndani, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine. Klipu za kukaza kwa bisibisi ni za maji, zisikaribie hapa. Acha urefu wa kutosha ekseli ishuke kabisa bila kuivuta, kwa kuwa boksi iko kwenye chesisi na silinda iko kwenye ekseli.

Mpira upi uende wapi? Injini ikiwa imezimwa, magurudumu juu, matundu yote manne yakiwa wazi na mafuta ndani, geuza volani kulia. Tundu moja la boksi litatema mafuta, na tundu moja la silinda litatema. Unganisha linalotema na linalotema, linalonyonya na linalonyonya. Ukibadilisha, silinda itapigana na boksi.

Mafuta yawe yale gari lako linayoyataka. Land Cruiser nyingi zinatumia ya gia za otomatiki aina ya Dexron. Mafuta ya breki yanaozesha sili, usiyaweke hata kidogo. Ongeza kipoza mafuta kwenye mpira wa kurudi, mahali ambapo potopoto haitakifunika.

Kutoa hewa kunahitaji uvumilivu. Magurudumu juu, injini imezimwa, zungusha taratibu kona hadi kona, ukijaza tanki, hadi kiwango kisimame. Ndipo uwashe na urudie. Kiwango kisome usukani ukiwa umenyooka siku zote, kwa sababu fimbo ikiingia na kutoka inapandisha na kushusha mafuta ya tanki. Kwa fimbo ya milimita 20 na mwendo wa 200, tofauti inakaribia mililita 60 kutoka kona hadi kona.

Kabla ya kupakia mzigo, tafuta uwanja mtupu, tembea polepole, zima injini bila kuchomoa ufunguo, na ugeuze. Jua uzito wake ukoje. Breki nazo zitakuwa ngumu, kwa hiyo uwanja uwe tambarare. Kisha tembea barabarani na uachie volani kidogo ukitoka kwenye kona: haitarudi yenyewe kwa wepesi wa zamani, na kila shofa atakayeshika gari hilo aambiwe hivyo kabla hajaondoka. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, rudi chini na spana, kaza bolti zote za mabano, na upitishe kitambaa cheupe kwenye fimbo na kila nipeli uone kama kinatoka na mafuta.